Namna ya Kununua Jaketi la Mistari Mitatu Msamvu Bila Kuaibisha Ukoo

Mwongozo huu ni kwa ajili ya msafiri aliyeshuka basi Msamvu, mjini Morogoro, anayesubiri gari la Dodoma, Iringa au Mgeta, na ambaye macho yake yameshanasa kwenye jaketi moja la bluu linaloning'inia kwenye henga. Mistari mitatu myeupe inashuka kutoka shingoni hadi mkononi, jani lenye ncha tatu limekaa kifuani, kola imesimama wima. Moyo umeshanunua. Kilichobaki ni akili na pochi kukubaliana.

Ni kwa ajili yetu pia wenyeji wa Morogoro, Mji Kasoro Bahari, tunaopita kila siku katikati ya nguo zilizotundikwa na kutandazwa, tukachagua kwa rangi na ukubwa, tukalipa, tukaondoka. Tunastahili zaidi ya hapo. Jaketi la michezo la zamani lina ukoo wake, na anayelivaa bila kuujua amenunua kitambaa tu; historia ameiacha kwa muuzaji. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukiruka moja ukauziwa mistari minne, lawama zisije Morogoro.

Hatua ya kwanza: Ujue ukoo kabla ya kuuliza bei

Anzia Ujerumani, katika mji mdogo wa Herzogenaurach, jimbo la Bavaria. Huko ndugu wawili, Adolf na Rudolf Dassler, walitengeneza viatu vya michezo katika chumba ambacho mama yao alikuwa akifulia nguo za watu. Mwaka 1924 walisajili kampuni yao. Mwaka 1928, kwenye Olimpiki ya Amsterdam, Lina Radke alishinda mbio za mita 800 akiwa na viatu vyao. Mwaka 1936 Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alivaa viatu vya Dassler mjini Berlin akaondoka na medali nne za dhahabu, Hitler akiwa mwenyeji.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, ndugu hao hawakuivana tena. Mwaka 1948 waligawana mashine na wafanyakazi. Rudolf alihamia upande wa pili wa mto Aurach akaanzisha Puma. Adolf, ambaye watu walimwita Adi, alibaki alipokuwa, na Agosti 1949 akasajili Adidas. Mji mzima ukagawanyika. Wenyeji walipokutana njiani waliangaliana kwanza miguuni, wajue mwenzao amevaa viatu vya ndugu yupi, ndipo waamue kama kuna salamu. Wahenga wetu walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Dunia ilichukua jembe, na sehemu ya mavuno imetandazwa Msamvu juu ya turubai.

Mistari mitatu nayo ina kisa chake. Haki ya kuitumia kama alama ilikuwa mikononi mwa Karhu, kampuni ya Ufini. Baada ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952, Adi aliinunua haki hiyo, na inasimuliwa mpaka leo kwamba alilipa chupa mbili za wiski pamoja na fedha ambazo kwa hesabu za sasa zingefika kama euro 1,600. Kiweke akilini kisa hicho. Alama inayotambulika dunia nzima ilipatikana kwa kupatana bei. Zamu yako ikifika, usione haya.

Kwa miaka mingi kampuni ilijulikana kwa viatu. Mwaka 1954 Ujerumani Magharibi iliifunga Hungaria mabao 3-2 kwenye fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern, mvua ikinyesha, wachezaji wakiwa na njumu za Adi zenye meno ya kufungua na kubadilisha. Nguo zilichelewa. Traksuti ya kwanza ya Adidas ilitoka mwaka 1967 na ikapewa jina la Franz Beckenbauer. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba jaketi lake lilikuwapo Bern mwaka 1954, mpe heshima yake, mweleze habari za Beckenbauer, kisha taja bei yako.

Jani lenye ncha tatu lilianza kuonekana kwenye bidhaa mwaka 1972, mwaka wa Olimpiki ya Munich. Kwa miaka ishirini na zaidi lilivaliwa na wachezaji, makocha, na baadaye na vijana wasiocheza mchezo wowote. Mwaka 1986 kundi la Run-DMC la New York lilitoa wimbo wa kuzisifia raba za Adidas, walizozivaa bila kamba, na kampuni ya Ujerumani ikasaini mkataba na wanamuziki ambao hawakuwahi kukimbia mita 100. Tangu hapo nguo ya uwanjani ikapata kazi ya pili mitaani, na kazi hiyo ndiyo iliyokufikisha wewe kwenye henga.

Kisha kampuni ikayumba. Horst, mwana wa Adi, alifariki mwaka 1987. Mwaka 1990 familia ikauza, na mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Ufaransa, Bernard Tapie. Mwaka 1993 uongozi ukaingia mikononi mwa Robert Louis-Dreyfus, na katika miaka hiyo alama ya milia mitatu iliyoinama ikachukua nafasi ya jani. Jani lenyewe likatengewa bidhaa za urithi, zinazouzwa leo kwa jina la Originals. Mitindo ya miaka ya 1960 na 1970 ilitolewa kabatini, ikashonwa upya, ikauzwa kwa watoto wa waliovaa ile ya kwanza. Hapo ndipo penye somo la mwongozo huu wote: kumbukumbu huuzwa na aliyeitunza.

Hatua ya pili: Soma lebo

Lishushe jaketi kwenye henga, ligeuze nje ndani, tafuta lebo ya shingoni na ile ndogo ya ubavuni. Usiharakishe. Basi likipiga honi, liache lipige. Msamvu kila basi hupiga honi ya kuondoka muda mrefu kabla ya kuondoka.

Ukikuta lebo inasema jaketi limetengenezwa Ujerumani Magharibi, kaza uso usionyeshe furaha. Nchi hiyo iliungana na Ujerumani Mashariki tarehe 3 Oktoba 1990, kwa hiyo mkononi umeshika vazi lililotoka kiwandani kabla au karibu na siku hizo. Ukikuta Yugoslavia, ni vilevile, kwa sababu nchi hiyo ilianza kuvunjika mwaka 1991. Ukikuta Ufaransa pamoja na jina la Ventex, umekutana na kiwanda kilichoshona nguo za Adidas kwa leseni katika miaka ya 1970 na 1980. Nchi zisizokuwapo tena kwenye ramani ndizo ushahidi mzuri kuliko kiapo cha muuzaji yeyote.

Ukikuta China, Vietnam au Kambodia na jani liko kifuani, usipige kelele za feki. Huenda ni jaketi la Originals, lililoshonwa miaka ya karibuni kwa sura ya zamani. Ni halali na ni zuri, ila ni la juzi, na bei yake iwe ya juzi. Nguo za miaka hii huwa na lebo ndogo ndani ya mshono wa ubavu yenye namba ya bidhaa, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, na mara nyingi mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Iandike namba hiyo kwenye simu uitafute. Picha itakayokuja ifanane na ulichoshika. Ukishika jaketi na simu ikakuletea soksi, rudisha henga mahali pake, shukuru, endelea na safari.

Hatua ya tatu: Hesabu mistari, na uhesabu polepole

Minne ni mingi. Sheria hii haina mjadala, hata kama wa nne ni mwembamba na umejificha kwenye mshono. Kuna pia jani lenye ncha nne, na majina yaliyogeuzwa herufi moja kwa matumaini kwamba wewe ni mwepesi wa kununua na mzito wa kusoma. Soma herufi zote.

Miwili, hata hivyo, isikufanye ucheke kabla ya kufikiri. Kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1974 timu ya Uholanzi ilivaa jezi za Adidas zenye mistari mitatu, isipokuwa nahodha wake, Johan Cruyff. Yeye alikuwa na mkataba na Puma, akakataa kuwatangaza wapinzani wa kampuni yake, na jezi yake ikawa na mistari miwili. Ugomvi wa ndugu wawili wa Herzogenaurach ulifika mpaka begani kwa mchezaji bora wa zama zake. Jezi ya namna ile ikitua Msamvu, mwenye kujua ataondoka nayo huku wengine wakimcheka.

Sasa ipitishie kidole mistari yenyewe. Kwenye majaketi ya zamani kila mstari ni utepe uliokatwa peke yake na kushonwa kingo zote mbili, na kidole kinahisi kimo chake. Mstari uliochapwa kwa rangi au kubandikwa kwa gundi huanza kupasuka kwenye kiwiko, mahali mkono unapokunjwa. Kunja kiwiko cha jaketi, kikunjue, kiangalie juani. Rangi ikibaki na nyufa nyembamba, umepata jibu bila kumuuliza mtu.

Kisha panda mpaka begani. Hapo tepe tatu zinapaswa kukutana na mshono wa kola zikiwa na nafasi sawa, upande wa kulia kama wa kushoto. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kitambaa cha poliesta kinateleza, mashine inakwenda kasi, na mshonaji ana sekunde chache za kulinganisha vipande viwili visivyotaka kulingana. Ukikuta mabega yote mawili yamekaa sawa, mtu fulani mahali fulani alijua kazi yake. Mshukuru kimoyomoyo, kisha endelea na ukaguzi.

Hatua ya nne: Kagua sehemu zinazosema ukweli

Kifua cha jaketi hudanganya. Ndicho muuzaji anachokielekeza barabarani, ndicho alichokipiga pasi. Ukweli uko kwapani, mkononi, kiunoni na kwenye zipu.

Kwapani tazama mshono na rangi. Jasho la miaka mingi hubadilisha rangi ya poliesta, na hakuna sabuni ya soko kuu itakayoirudisha. Mkononi na kiunoni vuta ule ukingo wa kufumwa, uachie. Ukirudi haraka, una maisha. Ukibaki umelegea, upepo wa milimani Nyandira utaingia kwa mkono na kutokea shingoni. Zipu ipandishe mpaka kidevuni, ishushe, kisha uipandishe tena, kwa sababu zipu nyingi huwa na adabu mara ya kwanza. Meno yaliyong'oka karibu na chini ni ugonjwa mkubwa; kishikio kilichokatika ni ugonjwa mdogo, na fundi yeyote wa mjini atakimaliza kwa dakika chache.

Harufu isikutishe. Nguo ya mtumba ikitoka ndani ya belo hunuka ubelo, harufu ya kubanwa kwa miezi. Loweka usiku kucha kwenye maji ya baridi na sabuni, suuza, anika kivulini. Pasi ya moto mkali ni haramu, na pasi ya mkaa ni haramu zaidi. Poliesta inayeyuka. Utaikuta alama ya pasi inang'aa mgongoni kwa maisha yote ya jaketi, na kila atakayekaa nyuma yako kwenye basi ataisoma.

Hatua ya tano: Patana bei kama mtu aliyelelewa

Kabla ya kutaja fedha, jua aliyesimama mbele yako amebeba nini. Mitumba hununuliwa kwa belo, na belo huuzwa likiwa limefungwa. Mfanyabiashara huona aina ya nguo iliyoandikwa juu na uzito, basi. Akilikata kamba ndipo anajua kama mtaji wake umelala kwenye majaketi mazuri au kwenye kaptura zilizochanika. Zile chache zenye jina ndizo zinazolipa hasara ya zisizonunulika. Jaketi jipya la Originals madukani Ulaya hufika kama euro 80, yaani zaidi ya shilingi 200,000. Ukilijua hilo, huwezi kumtajia mwenzako shilingi 2,000 na ukategemea akutazame vizuri.

Mazungumzo ya heshima huenda hivi:

"Habari za kazi, kaka."

"Salama, dada, karibu. Hiyo OG, ya mbele kabisa."

"Nimeiona. Mistari imeshonwa vizuri. Ila ukingo wa kiunoni umelegea kidogo."

"Dada yangu, hiyo unavaa wewe, anavaa na mwanao. Lete 25,000."

"Nina 12,000, na safari bado ndefu."

"Ongeza ya maji."

Mkikutana kwenye 17,000 mmepatana, na hakuna aliyeumia. Kama muuzaji ni mtu mzima, shikamoo inatangulia mengine yote, na haipunguzi bei hata shilingi. Unaitoa kwa sababu umelelewa. Jambo la kuepuka kabisa ni kumpa mtu somo la historia ya Adidas kwa dakika kumi, mbele ya wateja wake, kisha usinunue. Ukiamua kumfundisha muuzaji thamani ya jaketi lake, jiandae kulilipia kwa thamani hiyo.

Hatua ya sita: Uliza jaketi lilipita wapi

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi.

Morogoro imewahi kuahidiwa kuuza viatu Ulaya. Katika miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, ulianza mradi wa Kiwanda cha Viatu cha Morogoro. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa iuzwe nje. Mashine zilikuwa za kisasa. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika mji ambao kila mtoto anajua joto lake la Desemba. Uzalishaji haukuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wa kiwanda, na mwaka 1990 ulisimama.

Angalia mwaka huo. Ni mwaka uleule ambao familia ya Dassler iliuza Adidas ikiwa taabani. Kampuni ile ilifufuka, na miongoni mwa vilivyoifufua ni viatu na majaketi ya zamani iliyoweza kuyarudisha sokoni. Kiwanda chetu kilipofungwa, habari zake zilihamia kwenye vitabu vya wachumi, vinavyokitaja kama mfano wa mradi ulioshindwa. Muulize kijana wa Kihonda, mjini hapa, kiatu cha Morogoro kilifananaje. Asilimia anaweza kuzipata kwenye simu. Kiatu chenyewe hajawahi kukiona. Wafanyakazi walioshona, waliokata ngozi, waliobana soli, hawakustahili kubaki na asilimia peke yake.

Ushonaji lakini haukufa mjini hapa. Kiwanda cha Mazava cha Morogoro kimeshona nguo za michezo kwa ajili ya soko la Marekani na kuajiri watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake. Mlango wao ulikuwa AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika, nguo zikiwamo, kuingia huko bila ushuru. Fuatilia basi safari ya jezi moja. Inashonwa Morogoro, inakunjwa, inaingia kwenye kontena, inashuka barabara ya Dar es Salaam, inavuka bahari. Huko mtoto wa shule anaivaa mpaka inambana. Wazazi wake wanaitoa sadaka, inauzwa kwa kilo, inafungwa kwenye belo. Belo linavuka bahari, linapanda barabara ileile, na hakuna kinacholizuia kufunguliwa Msamvu. Mama aliyeishona anaweza kuipatania bei akimnunulia mjukuu.

Barabara hizo mbili, ya kwenda na ya kurudi, zimefungwa fundo moja. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipumue. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani kilipeleka malalamiko serikalini kwao, na nchi zetu zikaambiwa kwamba nafasi yao ndani ya AGOA itaangaliwa upya. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Ukilishika jaketi la mtumba, umeshika na makubaliano hayo yote. Muuzaji hakuyasaini, wala mshonaji. Wote wawili wanaishi ndani yake.

Kwa hiyo usimdharau anayetandaza turubai, na usimsahau anayekaa kwenye cherehani. Kabla ya kusifia jina lililodariziwa kifuani, sifia mshono. Jina lilitoka Herzogenaurach, lakini mshono ulitoka kwenye mikono ya mtu, na mikono hiyo inaweza kuwa ya jirani yako.

Hatua ya saba: Livae mahali pake

Jaketi la michezo lina mahali pake, na milima ya Uluguru imejaa mahali hapo. Livae ukipanda Morningside alfajiri. Livae Mgeta na Nyandira, ambako ukungu unakaa kwenye mashamba ya mboga hadi asubuhi imekwenda, na ambako jaketi la zamani la poliesta, jepesi na linalokauka haraka, linafanya kazi aliyoikusudia aliyelibuni. Livae Uwanja wa Jamhuri ukienda kutazama mpira. Usilivae mchana wa Desemba pale Msamvu kwa sababu ya kuonekana. Utaonekana, na utaonekana unalowa. Usilivae posa. Wazee wa upande wa pili hawajui habari za Beckenbauer, na mahari haipungui kwa mistari mitatu.

Hatua ya nane: Tunza la kwako

Ukishajua namna mitindo ya zamani ya wengine inavyouzwa, geuka uangalie ya kwetu.

Mwaka 1974 Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Leo anayetaka jezi ya timu hiyo, iliyoitwa Chui, kwa sura ya zamani anaweza kuiagiza kwa COPA, kampuni ya Amsterdam inayoshona upya jezi za historia. Kumbukumbu ya Kinshasa inapata bei Uholanzi. COPA wamefanya kazi nzuri, nami nawaheshimu kwa kuijali. Swali langu ni kwetu: nani anashona ya kwetu?

Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara na kuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo. Mtibwa Sugar ya Turiani ilitwaa ubingwa mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000. Reli ya Morogoro iliwatoa jasho Simba na Yanga kwa miaka. Taifa Stars ilikwenda Lagos mwaka 1980 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Na Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sehemu 3 za mia za sekunde, Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano hayo.

Kila mmoja wa watu hao alikuwa amevaa nguo. Nguo hizo zilikuwa na rangi, namba mgongoni, kola ya aina fulani na fundi aliyezishona. Ndizo zingekuwa makumbusho yetu, na ndizo zingempa kijana wa Morogoro mwenye cherehani mtindo wa kufufua ambao hakuna kampuni ya Ulaya inayoweza kumpokonya. Lakini jezi zetu kuukuu hugeuka dekio, hufunga koki inayovuja, huvalishwa sanamu ya kufukuza ndege shambani. Ujerumani wamejenga biashara nzima juu ya vitu vya namna hiyohiyo kwa sababu waliviweka kabatini vikiwa na jina na mwaka.

Basi fanya hivi. Nenda kwa mjomba aliyewahi kucheza, mpe shikamoo yake, muulize kama kuna jezi ndani ya sanduku. Ikiwapo, ipige picha mbele na nyuma. Andika kwenye kipande cha kitambaa jina la aliyeivaa, timu, mwaka na mechi anayoikumbuka, ukishikize kwa mkono upande wa ndani, bila gundi. Ihifadhi mahali pakavu, mbali na panya na jua. Klabu ikiwa bado ipo, iombe itenge kabati moja lenye kufuli. Ukiwa fundi, chukua vipimo vya kola na mikono, uviandike kwenye daftari. Na siku atakapokuja mtu kutaka kuirudisha jezi ya Mseto sokoni, awe ametoka Amsterdam au Kariakoo, amkute mwenye nayo anajua ameshika nini, wakae chini, wapatane bei.